Kinachofika Kabatini Kitaliwa

Tuanze na hesabu ya sukari. Nyumba ya watu watano inayomaliza pakiti ya kilo mbili kwa wiki inampa kila mtu gramu 57 kwa siku, yaani vijiko 14 vya chai, tena vilivyosawazishwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, na shirika lingefurahi zaidi ikibaki chini ya 25. Mtoto anastahili chini ya hapo. Kwa hiyo pakiti ile imeshavuka mpaka kabla mtu hajafungua soda, hajauma biskuti wala kupaka jamu kwenye mkate. Wala hakuna aliyekaa mezani akaamua kula sukari kiasi hicho. Uamuzi ulifanyika dukani, mkono ulipochukua pakiti ya kilo mbili badala ya moja.

Wengi wanaotaka kubadilisha ulaji huanza na ahadi: biskuti basi. Kisha biskuti zinabaki pale pale juu ya friji. Ahadi hiyo inabidi itimizwe upya kila mtu anapopita jikoni, na huvunjika saa mbili usiku, watu wamechoka, makaa hayajashika na ugali bado. Kuikataa biskuti dukani ni kazi ya mara moja kwa wiki. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ifanyike mlangoni na dukani, si mdomoni.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea kujizuia peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall na wenzake kule Marekani waliwaweka watu wazima 20 katika kituo cha utafiti kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida vya kupikwa, na kila mmoja akaruhusiwa kula apendavyo. Milo iliyoandaliwa ilikuwa na kiasi sawa cha sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Hata hivyo, katika wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja, kisha wakaipoteza katika wiki zile nyingine. Pia walikula kwa kasi zaidi. Chakula laini kisichohitaji kutafunwa hupita kabla tumbo halijatuma habari kwamba limeshiba. Anayemaliza pakiti nzima ya krispi hana tabia mbaya kuliko mwenzake. Amekutana na kitu kinacholika upesi kuliko shibe inavyofika.

Toa vyote nje

Usianze wiki ya mshahara, kabati likiwa limejaa. Ngoja katikati ya mwezi, vitu vingi vikikaribia kuisha, hasara itakuwa ndogo. Tenga saa mbili mchana. Toa kila kitu chenye kuliwa: kabatini, juu ya kabati, ndani ya friji, chini ya kitanda ambapo kreti ya soda hukaa, kwenye mkoba wa kazini, na kwenye droo ya meza ya televisheni. Watu husahau gari na mkoba, na huko ndiko peremende hujificha.

Kisha gawa mafungu matatu. La kwanza ni vitu vinavyoliwa wima, kwa mkono, bila sahani wala kupika: biskuti, keki, krispi, peremende, chokoleti, soda, juisi za pakiti na ule unga wa juisi wa kukorogea maji. Ongeza smoki na soseji, maana ingawa hupashwa moto kidogo, huliwa kwa mtindo ule ule. La pili ni viungo vya kupikia ambavyo madhara yake yako katika kiasi: sukari, mafuta, chumvi, mchuzi wa unga na vipande vya supu, unga wa ngano. La tatu ni chakula chenyewe: maharagwe, mahindi, unga wa wimbi, mayai, omena, viazi vitamu, mboga, matunda, njugu, maziwa.

Fungu la kwanza linaondoka. La pili linabaki, ila linabadilishiwa chombo na mahali. La tatu linahamia mbele, pale ambapo macho na mkono hufika kwanza.

Kuondoka hakumaanishi jalalani. Kutupa chakula kunauma, na nyumba nyingi zitakataa hapo hapo. Soda ambazo hazijafunguliwa zingoje siku chama kitakapokutana kwako, au mkusanyiko wowote wa watu wengi. Kreti moja ikigawanywa kwa watu 24 kwa siku moja haimdhuru yeyote kama inavyowadhuru watu wanne kwa wiki nzima. Pakiti za biskuti ambazo hazijafunguliwa ziende na chai ya jumuiya au ya kikundi cha akina mama. Zilizofunguliwa zimalizwe kwa tarehe mliyokubaliana, kwa sahani, na zisinunuliwe nyingine. Usimpelekee mtoto wa jirani mfuko mzima wa peremende, kwa sababu utakuwa umehamisha tatizo nyumba ya pili.

Kuficha si kuondoa

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, hasa zenye watoto. Mzazi hununua biskuti vilevile, huzifungia kwenye kabati la juu, na funguo huzitia mfukoni. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch walichapisha utafiti kuhusu watoto wa umri wa chekechea: chakula kilichokuwa mbele ya macho yao lakini kikakatazwa kwa muda kiliwafanya wakizungumzie, wakiombe na kukitamani zaidi kuliko kingine cha aina hiyo hiyo kisichokatazwa. Mtoto anayejua kuna kopo juu ya kabati hulifikiria kopo hilo mchana kutwa, na siku mzazi akitoka atapanda kiti. Kopo lisipokuwepo, hakuna cha kulindwa, na mzazi anapumzika kazi ya uaskari.

Haimaanishi mtoto asionje keki maishani. Vitu hivyo viliwe nje ya nyumba, siku inayojulikana, kiasi cha kuliwa mara moja kikaisha. Jumamosi mkishuka mjini, kila mtoto achague kitu kimoja, akile hapo mkiwa mmekaa, basi. Kitu hicho kisiwe zawadi ya kumaliza mboga. Mtoto akiambiwa "maliza managu upate soda", anajifunza kwamba managu ni adhabu na soda ndiyo tuzo, na fundisho hilo huchukua miaka kufutika.

Sukari, mafuta na chumvi

Fungu la pili linahitaji uvumilivu zaidi, maana haya hatuwezi kuyafukuza.

Sukari: nyumba ya watu watano ikilenga gramu 25 kwa mtu, wiki nzima inahitaji gramu 875, na humo mna sukari ya uji, ya chai na ya mandazi. Nunua kilo moja, toa sehemu ya wiki uitie kwenye kopo dogo lenye mfuniko, iliyobaki ifunge na kuiweka mbali na jiko. Kopo likiisha Ijumaa, linangoja Jumapili. Lakini kopo halitasaidia kama chai bado inapikwa na sukari ndani ya sufuria, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Magharibi na Nyanza, nchini Kenya. Pika chai ya maziwa bila sukari, uimimine kwenye chupa, kila mtu ajitilie kikombeni kwa kijiko cha chai, akipitisha mgongo wa kisu juu yake. Kijiko kilichojazwa hadi kikawa kilima hubeba karibu mara mbili ya kile kilichosawazishwa.

Usikate ghafla. Mwenye kutumia vijiko vitatu ashuke hadi viwili na nusu, akae hapo wiki mbili, kisha viwili, na kuendelea. Ulimi huzoea kidogo kidogo; anayeruka kutoka vitatu hadi sifuri kwa siku moja kwa kawaida hurudi vitatu ndani ya wiki. Tangawizi iliyopondwa, iliki au kijiti cha mdalasini husaidia chai isionekane imepwaya.

Kuna wanaohamia sukari nguru wakidhani wameokoka. Katika ukanda wa miwa, kutoka Muhoroni hadi Mumias na Nzoia, sukari nguru hupatikana kwa urahisi na ina ladha nzuri, lakini ni maji ya muwa yaliyochemshwa yakaganda. Mwili huihesabu kama sukari. Asali nayo ni hivyo hivyo.

Mafuta: mtungi wa lita tatu uliokaa kando ya jiko humiminwa bila kupimwa. Hamishia kwenye chupa ndogo ya nusu lita, toboa kifuniko kwa msumari safi, na upime kwa kijiko. Kijiko kimoja kikubwa, kama mililita 15, kina takriban kalori 120. Sukuma wiki ya watu watano inaiva vizuri kwa vijiko viwili vikubwa, kitunguu kikianza, kisha nyanya, kisha majani na maji kidogo. Mboga zetu za kienyeji zinahitaji hata chini ya hapo: mrenda hupikwa bila mafuta kabisa, na saga ikichanganywa na maziwa inajitosheleza.

Kwa chapati tatizo kubwa ni idadi. Kilo moja ya unga hutoa chapati 12 hadi 14, na zinazobaki kwenye hotpoti huliwa moja moja hadi kesho yake asubuhi. Pika kwa hesabu ya walaji. Mandazi pia: nusu ya kipimo, siku moja, yaishe.

Chumvi iondoke mezani. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai, na vipande vya supu na mchuzi wa unga huchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho kimyakimya. Ukitia kipande cha supu, usitie chumvi juu yake. Lebo ikitaja sodiamu peke yake, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Saa kumi jioni

Ukiondoa biskuti na usiweke kitu, umeacha shimo, na shimo hilo lina saa yake. Watoto hutoka shule saa tisa na nusu au kumi, chakula cha usiku kiko saa mbili. Katikati mna njaa ya kweli ya saa nne au zaidi. Mpango wowote wa kusafisha kabati usiojibu saa kumi utaanguka ndani ya wiki moja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kikuu kuliko vyote hapa, na ndicho watu hukifikia mwisho.

Kitu cha saa kumi kiwe tayari kabla njaa haijafika, kiwe kinaonekana, na kisihitaji kuwasha jiko. Viazi vitamu vinaongoza. Kabondo, kaunti ya Homa Bay, hupeleka viazi vingi sokoni Kisumu, na vile vya rangi ya machungwa ndani vina vitamini A kwa wingi. Vioshe, vichemshe na maganda dakika 25 hadi 40 kulingana na ukubwa, uvifunike kwa kitambaa safi. Vikichemshwa bila maganda hunyonya maji, vikapoteza utamu, na watoto watavikataa. Nduma hupikwa kwa namna hiyo, ila ziive kabisa. Mbichi huwasha koo.

Nyoyo, mahindi na maharagwe, hushibisha kuliko kitafunio chochote cha dukani. Vikombe viwili vya mahindi makavu kwa kimoja cha maharagwe, loweka usiku kucha, mwaga maji, tia mapya. Ichemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, maana maharagwe yasiyoiva vizuri, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha. Kisha punguza moto hadi yalainike, mara nyingi zaidi ya saa mbili. Kinachoharibika ni uhifadhi. Katika joto la Kisumu nyoyo iliyofunikwa ikiwa ya moto huchacha usiku huo huo. Itandaze ipoe upesi, kisha iingie kwenye friji. Asiye na friji apike ya siku moja, na atakachokula baadaye akichemshe tena hadi kitokote. Yenye uteute au harufu ya uchachu imwagwe.

Njugu ni nzuri kwa kipimo. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kina kalori karibu 170, na bakuli lililojaa mbele ya televisheni linageuka kuwa mlo wa pili. Zigawe kwenye vikopo vidogo mapema. Chambua kabla ya kukaanga: punje zilizokunjamana, zenye madoa au ukungu, na zile chungu mdomoni zitupwe, kwa sababu huenda zina sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Kwa wakazi wa Nakuru, viazi mviringo vya Molo na Njoro ni rahisi kupata, na hapa pana ulinganisho unaofaa kukumbukwa. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 85. Gramu 100 za krispi, zilizotengenezwa kwa viazi hivyo hivyo, zina zaidi ya 500. Chemsha, menya, nyunyizia ndimu na pilipili hoho iliyokatwa.

Matunda yakae mezani kwenye sinia, yameoshwa, si ndani ya mfuko mweusi chini ya sinki. Papai na nanasi zikatwe dakika chache kabla ya watoto kufika. Tunda zima linalodai kisu hushindwa na biskuti inayodai vidole viwili tu. Mafenesi ya Busia na Kakamega, mapera, maembe na parachichi, kila moja kwa msimu wake, ni ya bei nafuu sokoni Kibuye pale Kisumu, Luanda kaunti ya Vihiga au Wakulima pale Nakuru, hasa mchana ukielekea jioni.

Na maji. Sehemu kubwa ya hamu ya soda kando ya ziwa ni kiu. Mtungi wa udongo wenye mfuniko, ukiwekwa kivulini penye upepo, hupoza maji yaliyochemshwa bila umeme. Tumia kata yenye mpini mrefu, au mtungi wenye bomba, mikono isizame ndani. Anayeacha soda za kola alizokuwa akizinywa kila siku huenda akaumwa kichwa siku chache za kwanza kwa kukosa kafeini, kunapita.

Duka lililo ng'ambo ya ua

Katika mitaa kama Nyalenda na Manyatta kule Kisumu, au Kaptembwa na Rhonda kule Nakuru, kibanda kiko hatua kumi kutoka mlangoni, na kinauza biskuti kwa sarafu. Kibanda hicho ni kabati lako la pili. Tunanunua kidogo kidogo, leo chumvi, kesho kiberiti, jioni mafuta ya kupima, na kila safari hupita mbele ya rafu ya vitu vitamu. Mtoto akitumwa mara nne kwa siku, ameshawishiwa mara nne, na chenji iko mkononi.

Punguza safari. Hata asiye na pesa za manunuzi ya mwezi anaweza kuunganisha chumvi, kiberiti, sabuni na majani ya chai kwa siku mbili za wiki. Mtoto atumwe na pesa kamili ya kitu alichoagizwa, au lipa kwa simu. Mtu mzima aende akiwa ameshiba na karatasi mkononi. Kwenye lebo, viungo hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza: sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, unajua umeshika nini. Mkate wa rangi ya kahawia ambao orodha yake inaanza na unga mweupe wa ngano umepata rangi, haujapata nyuzinyuzi.

Watu wa nyumbani na wageni

Hakuna anayefaulu peke yake katika nyumba yenye watu wengine. Kaeni mkubaliane kabla ya kutoa kitu chochote kabatini. Baba akisisitiza soda yake ya jioni, aipate ya mililita 300, ainunue siku anayoitaka, isihifadhiwe. Dada wa kazi aelezwe sababu na kila kitu, maana ndiye anayewapa watoto chakula saa kumi. Na anachokatazwa yeye kikatazwe wote, vinginevyo itakuwa dharau.

Wageni ni jambo zito zaidi. Kwetu mgeni haji mikono mitupu: huleta sukari, mkate, mafuta ya kupikia, pengine soda ya lita mbili na peremende za wajukuu. Pokea kwa mikono miwili na ushukuru. Soda ifunguliwe mgeni akiwepo, wanywe wote, iishe. Sukari iingie kwenye akiba, nawe upunguze utakayonunua wiki hiyo. Mkate uliwe kesho yake asubuhi. Shangazi anayezoeleka unaweza kumwambia mapema kwenye simu: "Shangazi, ukija tuletee njugu za huko, watoto wanazipenda kuliko biskuti." Wengi hufurahi kuombwa kitu cha shambani mwao. Nyanya usimkemee mbele ya wajukuu. Zungumza naye pembeni, kwa adabu, na umwachie kitu chake cha kuwapa: ndizi, simsim, muwa uliomenywa. Muwa una sukari, naam, lakini unatafunwa polepole na kipande kinachosha taya mapema.

Ambao kabati lao lisiguswe hivi

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi lazima awe na kitu kitamu karibu. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, anahitaji gramu 15 za sukari upesi: vijiko vinne vya chai vikikorogwa kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Weka sukari hiyo kwenye kopo lenye alama, kila mtu nyumbani ajue lilipo, na lisihesabiwe kwenye kipimo cha wiki.

Mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito aliyekonda, na mtu anayepona maradhi au aliyepungua uzito akiwa kwenye dawa za kila siku wanahitaji nguvu zaidi, si kidogo. Kwao punguza soda na peremende, lakini mafuta usiyapunguze: ongeza njugu zilizosagwa kwenye uji wa wimbi, parachichi kwenye ugali, maziwa, yai, omena iliyotwangwa kwenye mboga. Mtoto asiyeongezeka uzito apelekwe kliniki na kadi yake kabla hujabadilisha chochote jikoni.